Mwenye Ufagio Ndiye Amwonaye Mnyama

Mhadhara kwa wanafunzi wa klabu ya wanyamapori katika shule moja ya sekondari, Mombasa

Mwalimu mlezi, walimu wenzake, na nyinyi wanangu, hamjambo. Ahsanteni kwa kunialika. Vilabu vyenu hivi vilianzishwa mwaka 1968 na wanafunzi wa Kenya, watoto wa rika lenu, kwa hiyo najua nimesimama mahali penye heshima.

Mwalimu aliponipigia simu alitaka nizungumzie nafasi za kazi katika utalii wa wanyama. Nikamwomba nizungumzie kazi moja tu, ile niliyoifanya kwa mikono yangu, maana hizo nyingine nazijua kwa kusikia. Kwa miaka tisa nilikuwa msaidizi wa mtunza wanyama katika bustani ndogo hapa Pwani. Jina lake silitaji, na nikifika kwenye habari ya pofu, yule swala mkubwa, mtaelewa kwa nini. Tulikuwa na twiga watatu, pofu wanne, ngamia wawili wa kupandisha watoto, kobe wakubwa wa Aldabra, mbuni, na ndege wa namna namna. Watu wa mabandani tulikuwa watano. Wageni wa hoteli walikuja kwa mabasi madogo, lakini Idi na Krismasi bustani ilijaa watu wa kwetu, baba, mama, watoto na mfuko wa mihogo ya kukaanga.

Neno msaidizi linawapoteza watu. Mtu akilisikia anadhani ni yule anayeshika ndoo huku mwenye kazi akifanya kazi. Pale kwetu msaidizi ndiye aliyefika wa kwanza, saa kumi na mbili asubuhi, umande haujakauka. Meneja alimwona mnyama akipita zake ofisini. Daktari wa mifugo alikuja akiitwa. Mwongozaji wa wageni alimwona twiga akiwa ameshainamisha shingo kutaka majani, na twiga mwenye tamaa ya majani huonekana mzima hata kama si mzima. Ni mimi, mwenye ufagio wa chelewa na toroli, niliyeingia mahali mnyama alipolala nikaona alikula nini, aliacha nini, alikojoa wapi, na mavi yake yako vipi. Nitasema mavi mara nyingi leo, mniwie radhi walimu. Ndiyo barua ambayo mnyama anaiandika kila usiku, na msaidizi ndiye anayeandikiwa.

Hebu niwaonyeshe. Twiga ni mnyama anayeweza kufika mita tano na zaidi, lakini mavi yake ni punje ndogo kavu, ukubwa wa kunazi, zimechongoka upande mmoja. Zikianguka kutoka kule juu hutawanyika kama tasbihi iliyokatika uzi. Hiyo ndiyo afya. Asubuhi ukizikuta zimeshikana, au zimelainika kama za ng'ombe, ujue kuna kitu kimebadilika tumboni. Pengine amepewa chakula kingi cha kusindikwa na majani kidogo, pengine mgeni amemlisha mkate. Ngamia naye punje zake ni ngumu kama tende iliyokauka, maana mwili wake hauachii maji ovyo. Kwa hiyo mavi laini ya ngamia ni habari kubwa zaidi kuliko mavi laini ya pofu, ambaye akila majani mabichi ya mvua hulainika tu bila ugonjwa. Hakuna kipimo kimoja kwa wote. Kila mnyama ana kawaida yake, na kazi yote ya msaidizi ni kuijua hiyo kawaida hadi ikuingie mwilini.

Mkubwa wetu wa mabandani alikuwa mzee wa Kigiriama, mtu wa maneno machache. Kila asubuhi aliniuliza swali moja: "Jana alikuwaje?" Hakuuliza leo yukoje. Leo alikuwa anaiona mwenyewe. Alitaka kujua kama mimi ninayo jana mkononi ya kulinganisha na leo. Wiki ya kwanza nilimjibu, "Alikuwa mzima, mzee." Akanyamaza. Siku ya pili nikamjibu hivyo hivyo, akanyamaza. Siku ya tatu akaniletea daftari la kurasa mia mbili na kalamu ya wino, akaenda zake. Hapo ndipo nilipoanza kuandika.

Sasa nikueleze habari ya mchanga, kwa kuwa ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Boma la twiga wetu lilikuwa na sakafu ya mchanga. Jioni, wageni wakishaondoka, nilikuwa naufagia wote mpaka unatulia kama shuka iliyonyooshwa. Wenzangu walidhani ni usafi. Mimi nilikuwa naandaa ukurasa. Asubuhi nikifika, kabla sijafungua komeo, nilisimama nje nikausoma usiku mzima uliopita. Huyu alizunguka. Huyu alisimama hapa muda mrefu, nyayo zimekanyagana. Huyu alilala kidogo, tumbo limeacha alama. Twiga hulala saa chache tu katika siku nzima, na ile ya kulala kabisa, shingo imekunjwa nyuma na kichwa kimewekwa juu ya paja, huwa ni dakika chache kwa wakati. Ukikuta alama kubwa ya mwili, yaani alilala chini sana, andika.

Asubuhi moja niliona kwamba twiga jike wetu mkubwa, tuliyemwita Shangwe, unyayo wake wa nyuma kushoto umekuwa mrefu. Ncha ya ukwato ilikuwa inakwaruza kabla ya kukanyaga, ikiacha mstari mwembamba kwenye mchanga, kama mtu aliyepitisha kidole. Akitembea mbele ya macho yako huoni kitu. Miguu ile ni mirefu na anakwenda kwa madaha, huoni. Lakini mchanga uliona. Nikaandika, na mzee aliponiuliza jana alikuwaje, nikamwambia jana mstari ulikuwa haupo.

Twiga wa porini hutembea mbali juu ya ardhi ngumu yenye mawe, na kwato zake husagika zenyewe. Wa bustanini hukanyaga mchanga laini siku zote, na ukwato hurefuka kama ukucha wa mtu asiyefanya kazi za mkono. Ukiachwa hivyo, kifundo cha mguu hukaa vibaya, maungio yanaumia, mnyama anaanza kuchechemea, na mwisho anakataa kusimama. Twiga asiyesimama haishi.

Mtasema basi apigwe sindano ya usingizi, akatwe ukwato, aamke. Daktari wetu alikaa chini akatueleza kwa nini aliiogopa sindano ile. Moyo wa twiga una uzito wa kilo kumi na moja hivi, na unasukuma damu kwa nguvu maradufu ya moyo wa binadamu, maana ni lazima ifike ubongoni kule juu. Ukimlaza mnyama wa namna hiyo ghafla, shinikizo la damu linavurugika. Akiwa usingizini, chakula anachocheua kinaweza kupanda na kuingia kwenye njia ya hewa. Na akianguka vibaya, ile shingo ndefu yenye mifupa saba tu, saba kama ya kwako na yangu, inaweza kuumia. Madaktari huwalaza twiga inapobidi, lakini kila mmoja hufanya hivyo kwa hofu.

Kwa hiyo tulichagua njia ndefu. Tulichukua fimbo tukaifunga mpira mwekundu kwenye ncha, na firimbi. Shangwe akigusa mpira kwa pua, firimbi inalia, anapewa kitawi cha mgunga. Ulimi wa twiga una urefu wa karibu nusu mita, mweusi wa zambarau sehemu ya mbele, unakwaruza kidogo kama msasa mwembamba, na anaupitisha katikati ya miiba bila kuumia. Wiki mbili za kwanza aligusa mpira basi. Kisha mpira ukashuka chini kidogo. Kisha tukaweka ubao karibu na uzio, tukangoja akanyage kwa bahati, firimbi ikalia. Siku nyingine alikuja, siku nyingine aligeuka akaenda zake, na tulipotaka kulazimisha mzee alitufukuza pale kwa mkono, tukaondoka. Miezi mitano ilipita hivyo. Mwezi wa sita, Shangwe aliweka mguu wake wa nyuma kushoto juu ya ubao, mimi nikiwa nje ya nguzo za uzio, nikapitisha tupa mara tatu. Mara tatu tu, firimbi, majani. Kesho mara tano. Unga wa ukwato ulinidondokea kwenye gambuti, na nilisikia joto la mguu wake mkononi mwangu. Sijapata siku nyingine kazini kama ile.

Angalieni lakini: nilikuwa nje ya nguzo. Siku zote nje ya nguzo. Teke la twiga linaua simba, na linatoka upande wowote anaoutaka yeye. Vijana wengi wanaokuja kuomba kazi hii wanasema, "Mimi napenda wanyama." Vyema. Mnyama mkubwa hahitaji umkumbatie. Anahitaji ufunge milango miwili, wa ndani kisha wa nje, na uhesabu kufuli kwa kuzigusa, si kwa kuzitazama. Mwenzangu mmoja alivunjwa mbavu na mbuni. Sikusema twiga, nasema mbuni, ndege, kwa sababu alimwona ni ndege akaingia na ndoo bila ubao wa kujikinga. Alikuwa kibarua wa kutwa bila mkataba, na alikaa nyumbani miezi miwili bila mshahara. Sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini ipo nchini tangu 2007. Hakuna aliyemwambia. Basi nyinyi nawaambia sasa: kabla hujashika ufagio, shika barua ya kazi. Na gambuti ununuliwe na mwajiri.

Ngamia sasa. Nitapita haraka kidogo, lakini siwezi kuwaruka, kwa kuwa wengi wenu mmewapanda pale ufukweni.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Lamu, na alinisimulia vinu vya mafuta ya ufuta vya zamani zake. Ngamia alifungwa kitambaa machoni akazungushwa kinu kutwa, ili asijue anazunguka. Bibi alisimulia hayo kama habari ya kawaida, lakini kila mara alimalizia kwa kusema walikuwa wanampa maji jioni na kumsugua shingo. Nadhani jambo lile lilimkaa. Nami lilinikaa nilipokuwa nawazungusha wale wawili wetu na watoto mgongoni, mzunguko mmoja, wa pili, wa thelathini.

Ngamia anavumilia kuliko ilivyo salama kwake. Nundu yake ni mafuta, si maji kama wengi wanavyodhani, na nundu inayoanza kulala upande ni mnyama aliyekula akiba yake. Akipata maji baada ya kiu kirefu anaweza kunywa lita 100 kwa muda wa dakika kumi hivi, na mtu akiona hivyo husema, basi huyu anaweza kungoja hadi kesho. Anaweza. Lakini kuweza si kutakiwa. Tandiko nalo lazima livuliwe katikati ya siku, upitishe kiganja chini ya blanketi ukielekea mkiani. Nywele zikilala kinyume, au ukisikia unyevu wa moto mahali pamoja, hapo pana kidonda kinachokuja kesho. Mtu anayesubiri kuona damu amechelewa siku tatu.

Ngamia dume majira ya kutaka jike hageuki mwingine tu, anakuwa hatari. Anatoa povu, anagugumia, na kutoka pembeni ya mdomo hutokeza kitu laini chekundu kama puto. Wageni hukimbilia kupiga picha. Siku hizo hapandishwi mtoto, hata kama ni Idi na foleni imefika barabarani. Kuumwa na ngamia ni meno ya mnyama wa kilo mia tano na zaidi akitikisa kichwa. Mwaka mmoja niliambiwa nimtoe hivyo hivyo, nikakataa, nikakatwa ujira wa siku ile. Na osheni mikono baada ya kumshika ngamia, na maziwa yake yachemsheni. Kile kirusi cha homa ya mapafu kilichogunduliwa Saudia mwaka 2012 kimeonekana kwa ngamia wa nchi nyingi, wa Kenya wakiwemo.

Nimefika kwa pofu.

Wengi hawamjui vizuri, na jina lake linamponza, kwa kuwa hapofuki hata kidogo. Ndiye swala mkubwa kupita wote hapa kwetu, dume mkubwa hufika kilo 900, na bado huruka uzio wa zaidi ya mita mbili kutoka pale aliposimama. Ni mpole hadi watu wamejaribu kumfuga. Kule kwenye hifadhi ya Askania-Nova, Ukraine, walianza kufugwa mwisho wa karne ya 19, na baadaye wakakamuliwa maziwa. Dume akitembea, magoti ya mbele hulia: ko, ko, ko, kama mtu anayejivunja vidole. Mwaka 2008 watafiti walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba sauti ile huwaambia madume wengine ukubwa wa mwenye nayo, ili wasipigane bila sababu. Dume wetu tulimwita Nahodha. Alfajiri za ukungu, kabla sijamwona nilikuwa nimeshamsikia. Ko, ko, ko, anakuja kwenye hori.

Bustani ilikuwa inauza karoti zilizokatwa, wageni wawalishe wanyama. Zilitiwa kwenye mifuko ya plastiki, ile myembamba, mwaka 2014 bado iliruhusiwa. Mtoto anatoa karoti, mfuko unabaki mkononi una maji ya karoti na chumvi ya jasho, upepo wa bahari unauchukua. Mingine iliangukia bomani yenyewe. Niliokota kila siku. Nilijaza gunia kila wiki, na nilisema kwamba mifuko hii siku moja italiwa, nikaambiwa wageni wanapenda karoti.

Jumatatu moja ya mwezi wa Machi Nahodha aliacha nusu ya nyasi zake. Tena, na hili ndilo kubwa zaidi, baada ya kula alisimama chini ya mwarobaini bila kucheua. Pofu, kama ng'ombe, hula haraka kisha hutulia kucheua, taya linakwenda upande upande, macho nusu yamefumbwa. Taya la Nahodha lilikuwa limesimama. Nikaandika. Jumanne vile vile, na ubavu wake wa kushoto ulikuwa umejaa kidogo. Nikaandika. Mzee wetu alikuwa likizoni kwao Kaloleni. Jumatano nikaenda kwa aliyeachiwa usimamizi, na daftari mkononi, nikamwonyesha. Akaniambia daktari ni pesa, mnyama anasimama na anatembea, na kazi yangu mimi ni kufagia. Nilirudi nikafagia.

Alikufa usiku wa kuamkia Ijumaa. Nilifika asubuhi kukiwa na ukungu, nikasimama nje ya komeo kama kawaida kungoja magoti yake. Kulikuwa kimya.

Daktari alimpasua pale pale na nilimshikia ndoo. Katika lile tumbo kubwa la kwanza alitoa kitu kilichoviringana, ukubwa wa kichwa cha mtu, kizito kwa maji. Ilikuwa mifuko, ndani ya mifuko, imefungamana na kamba ya katani. Plastiki haisagiki tumboni, na mlango wa kutokea ni mdogo, kwa hiyo kila uliomezwa ulibaki pale ukingoja wenzake. Daktari alisema ni kazi ya miezi mingi. Aliukunjua mmoja kwa vidole, na vishikio vyake vilikuwa vizima, na ndani mlikuwa bado na kipande cha karoti kilichogeuka kijivu. Mzee wetu aliporudi hakunigombeza. Aliuliza lile swali lake, jana alikuwaje, nikampa daftari akasoma amesimama, akanirudishia.

Baada ya hapo karoti ziliuzwa katika vikapu vidogo vya ukindu, unachukua mlangoni na kurudisha mlangoni. Kina mama watatu wa jirani walipata kazi ya kuvisuka. Ilikuwa rahisi hivyo tangu mwanzo. Serikali ilipiga marufuku mifuko ile nchini kote tarehe 28 Agosti 2017, na siku ile nilikwenda bomani nikakaa kidogo chini ya mwarobaini.

Nisiwaache na habari hiyo peke yake, kwa kuwa nayajua mambo mema ya kazi hii, na moja mnalijua hata nyinyi. Desemba 2004, baada ya ile tsunami, mtoto wa kiboko aliyekuwa amebaki peke yake aliokolewa baharini Malindi akaletwa hapa Haller Park, ile bustani ya wanyama ya Bamburi. Akaitwa Owen, kwa jina la mmoja wa waliomkamata. Alikuwa na uzito wa kilo 300 hivi, amechoka, ana hofu na hasira na watu. Akamkimbilia kobe mzee wa Aldabra aliyeitwa Mzee, akajificha nyuma yake kama anavyojificha nyuma ya mama. Kobe kwanza alimkimbia. Mtunza wao, Stephen Tuei, na wenzake wangeweza kuwatenganisha, na ingeonekana ni busara, kiboko na kobe wana uhusiano gani? Lakini walitazama. Wakaona kwamba mtoto anafuata anakokwenda kobe na kula pale anapokula kobe, na mnyama aliyepoteza mama akila, umepata ushindi mkubwa. Wakawaacha. Dunia nzima ilikuja kutazama picha zile, na watu wakazungumza mengi juu ya urafiki. Mimi nikiziona huwa namtazama yule asiye kwenye picha, aliyesimama pembeni siku baada ya siku akiwaangalia bila kuwagusa.

Na pale pale Bamburi, kumbukeni palikuwa shimo la mawe ya kutengenezea saruji. René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ile ya saruji, alianza kupanda mivinje mwaka 1971 juu ya mwamba mtupu, na majani ya mvinje yalikuwa yanaanguka bila kuoza. Kilichotengeneza udongo ni jongoo, yule mwenye miguu myekundu, aliyeonekana anayatafuna majani yale, wakaletwa wengi, na kinyesi chao ndicho kikawa rutuba. Twiga wanaotembea pale leo wanatembea juu ya kazi ya jongoo. Mtu fulani alipiga magoti akamtazama jongoo anakula. Nawaambia hili kwa sababu najua wengi wenu mnaota simba na ndovu. Mimi natafuta katika nyinyi yule anayeweza kupiga magoti.

Kijana mmoja pale mlangoni aliniuliza kabla hatujaanza kama si vibaya kuwafungia wanyama hawa. Swali lako nimelibeba hadi hapa, mwanangu, sikulisahau. Twiga aliwekwa mwaka 2016 katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Bustani ndogo haitamwokoa, asikudanganye mtu, porini ndiko kwake. Lakini wale watatu walizaliwa ndani ya uzio, wapo, na leo jioni watataka kula. Kwa sheria ya 2013 hakuna anayeruhusiwa kuwaweka bila kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori, na kibali ni karatasi. Karatasi haisomi mchanga. Nikiona bustani ambayo msaidizi wake hana daftari, au analo na hakuna anayelisoma, nasema wazi kwamba ifungwe. Nikiona bustani ambayo msaidizi akisema "leo hakucheua" daktari anapigiwa simu saa ile ile, hapo naweza kumpeleka mjukuu wangu akamlishe twiga karoti kutoka kwenye kikapu.

Mwalimu ananiashiria kuwa muda unakwisha. Daftari nimelileta, liko pale mezani, na kona ya jalada imeliwa na Shangwe. Njooni mlishike, mlifunue. Mtakuta karibu kila siku ya miaka ile ina mstari wake: kula, kunywa, mavi, mwendo, na mahali pa neno moja la ziada. Ukurasa wa Machi 2014 nimeukunja pembe. Jumatatu ipo. Jumanne ipo. Jumatano, siku ile niliyoambiwa kazi yangu ni kufagia, sikuandika kitu.